Relei ya ulinzi wa stima: maswali ambayo mafundi wa zamu huniuliza kila mara

Simu za namna hii huniingia zaidi jioni, wingu zito likiwa limetoka upande wa ziwa na radi imeanza kupiga kuelekea Nandi. Anayepiga ni fundi wa zamu, yuko Kisumu, Kakamega, Kericho au hata Nakuru. Amesimama mbele ya bodi ya 11 kV, mashine zimenyamaza, na meneja anataka kujua stima inarudi saa ngapi. Nimeyakusanya hapa maswali yenyewe na majibu ninayotoa. Relei hutofautiana kwa kampuni na kwa umri, kwa hivyo majina ya kurasa kwenye kioo chako huenda yasifanane kabisa na haya, lakini mpangilio hauendi mbali.

Relei ni nini hasa? Si ndiyo breka?

Hapana. Breka hukata, relei huamua. Relei hupokea mkondo kutoka kwa transfoma ndogo za mkondo, zile tunazoziita CT, na zingine hupokea volteji pia kutoka kwa VT, transfoma ndogo za volteji. Hupima muda wote, hulinganisha na viwango ilivyowekewa, na kiwango kikipitwa huiamuru breka ifunguke. Hapo ndipo tunasema imetripu.

Neno "kufunguka" limewahi kuwachanganya watu. Nyumbani tukisema fungua maji, maji yanatoka. Fungua redio, inaimba. Breka ni kinyume: iliyofunguka haipitishi stima, iliyofungwa ndiyo inayopitisha. Unapozungumza na mwenzako kwa simu, usimwambie tu "fungua". Mwambie "fungua breka, kata stima", na yeye akurudishie maneno hayo kabla hajagusa kitu.

Fundi, imetripu sasa hivi. Nibonyeze nini kwanza?

Usibonyeze kitu. Shika kalamu.

Tazama taa ndogo zilizo usoni mwa relei: ni zipi zinawaka, za rangi gani, na zimeandikwa nini kando. Piga picha. Andika saa. Kisha tumia vitufe vya mishale uingie kwenye rekodi na usome tukio la mwisho, ukiandika kila ukurasa. Ukishamaliza hayo, na sababu imejulikana, ndipo kitufe cha Reset kina kazi.

Watu wengi wanaogopa kwamba Reset inafuta kila kitu. Kwenye relei nyingi za kisasa huzima taa na kuondoa ujumbe wa kwenye kioo, lakini rekodi zinabaki ndani. Lakini zipo za zamani zinazohifadhi tukio moja tu. Hizo, ukirudisha breka juu ya hitilafu ikatripu tena, tukio la pili linaandikwa juu ya la kwanza, na la kwanza ndilo lililokuwa safi.

Nitasimulia jambo moja. Kuna kiwanda cha kusaga nafaka nilichokuwa nikihudumia. Usiku mmoja wa masika fundi wa zamu alipata taa nyekundu, akabonyeza Reset, akafunga breka. Ikashika dakika kama ishirini, ikatripu. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne kichwa cha kebo kilipasuka ndani ya bodi na chumba kikajaa moshi. Kijana alikuwa ametoka nje kumwita mwenzake, na hilo ndilo lililomwokoa. Asubuhi nilifungua menyu nikakuta rekodi nne zimepangana. Zote ni fezi ya buluu, yaani waya mmoja kati ya ile mitatu ya stima, zote ni hitilafu ya ardhi, yaani stima inayovujia ardhini, na mkondo wa ardhi ulikuwa ukipanda: 95 A, kisha 140, kisha 310, kisha zaidi ya 1,900. Rekodi ya kwanza peke yake ilitosha kutufanya tuitenge kebo ile na kuipima usiku uleule. Simlaumu kijana. Alikuwa kwenye kazi ile miezi minane na hakuna aliyewahi kumwonyesha kitufe cha kusomea.

Vile vitufe vya usoni vina kazi gani?

Mishale ya juu na chini hupita kwenye orodha. Mshale wa kulia au kitufe cha Enter hukuingiza ndani ya kilichochaguliwa. Wa kushoto, au ESC, au C, hukurudisha nyuma ngazi moja. Ukipotea, bonyeza ESC mara kadhaa hadi ukurasa wa kwanza urudi. Baadhi ya relei hujirudisha zenyewe huko usipogusa kitu kwa dakika chache, kwa hivyo usishangae ukiinama kuandika na ukiinuka ukute kurasa zimebadilika.

Naweza kuzima kiwanda kwa kubonyeza vibaya?

Kwa kusoma tu, hapana. Unaweza kuzunguka menyu yote ya vipimo na rekodi bila kuathiri chochote, na ninakuomba ufanye hivyo siku ya utulivu, kabla ya siku ya msukosuko.

Lakini angalia vitufe viwili ambavyo aghalabu hukaa kando ya vingine, kimoja kimeandikwa I na kingine O. Hivyo si vya menyu. I hufunga breka, O huifungua, moja kwa moja. Relei zingine hudai nenosiri kwanza, zingine hudai ufunguo ugeuzwe, zingine hazidai lolote. Jua yako iko kundi gani.

Rekodi ziko wapi kwenye menyu?

Kwenye ukurasa wa kwanza shuka hadi uone neno "Records", "Event" au "Fault". Kwa kawaida utakuta aina tatu, na ni muhimu usizichanganye.

Ya kwanza ni orodha ya matukio. Hii huandika kila kitu kwa wakati wake: breka imefungwa, breka imefunguka, mtu ameingiza nenosiri, kiwango kimebadilishwa, relei imewashwa upya. Ni ndefu na nyingi yake ni mambo ya kawaida. Ya pili ni rekodi za hitilafu, chache lakini zenye uzito, zikiwa na mikondo ya kila fezi wakati wa kutripu. Anza na hizi. Ya tatu ni picha ya mawimbi, ambayo kioo kidogo hakiwezi kuionyesha vizuri, nitaifikia chini.

Kwenye relei nyingi tukio namba 1 ndilo jipya kuliko yote, na namba zinazidi kadiri unavyorudi nyuma. Chache hupanga kinyume. Hakikisha kwa tarehe, usitegemee namba.

Nimefika kwenye ukurasa wa hitilafu. Naona namba tu. Nisome vipi?

Tuchukue mfano, wa fida (njia ya stima inayotoka kwenye bodi) ya 11 kV inayolisha transfoma mbili za kiwanda. Kioo kinaonyesha saa 16:42:07.318. Chini yake IL1 ni 210 A, IL2 ni 206 A, IL3 ni 1,270 A, na Ie ni 1,105 A. Muda ni sekunde 0.35. Kifaa kilichotripu kimeandikwa 51N, namba nitakayoieleza chini.

Anza na fezi. IL1 na IL2 ziko kwenye mzigo wa kawaida wa kiwanda hicho, kwa hivyo hazina neno. IL3 imeruka mara sita. Kwa rangi tulizozizoea Kenya, nyekundu, manjano na buluu, fezi ya tatu ni ya buluu. Sasa tazama Ie, mkondo wa ardhi. Mambo yakiwa sawa, fezi tatu zinafutana na Ie hukaa karibu na sifuri. Hapa ni 1,105, karibu sawa na kilichozidi kwenye IL3. Maana yake stima ya fezi ya buluu imepata njia ya kwenda ardhini: kebo iliyotoboka, kikombe cha kauri kilichopasuka, au tawi la mkaratusi lililolalia waya. Laiti fezi mbili zingeruka pamoja na Ie ibaki chini, ningetafuta waya mbili zilizogusana. Fezi tatu zikiruka sawasawa, fikiria kishikizo cha ardhi kilichosahaulika na waliokuwa wakifanya matengenezo.

Kisha muda. Relei hii imewekewa kiwango cha ardhi cha 60 A, mkunjo wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme (mkunjo ni jinsi muda unavyopungua mkondo ukikua), na kizidisho cha muda 0.15. Gawanya 1,105 kwa 60 upate 18.4. Fomula ya mkunjo huo ni 0.14 gawanya kwa (18.4 kipeo 0.02, toa 1), kisha zidisha kwa 0.15. Jibu ni sekunde 0.35, sawa kabisa na kilichoandikwa. Hesabu hii ya dakika mbili inakuhakikishia kwamba relei ilifanya ilichoagizwa. Muda ukija tofauti kabisa na hesabu, basi ama umesoma kundi lisilo sahihi la viwango, ama kuna mtu amevibadilisha.

Na hizi 50, 51, 27, nani atazikumbuka?

Utazikumbuka, kwa sababu unazohitaji kila siku si nyingi. 50 ni mkondo mkubwa unaokatwa papo hapo. 51 ni mkondo uliozidi lakini unaosubiriwa kidogo, na kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyokatwa haraka. Herufi N au G ikifuata, ni ya ardhi. 27 ni volteji iliyoshuka, 59 iliyopanda. 46 ni fezi zisizolingana. 81 ni mapigo ya stima yaliyohama kutoka 50 Hz. 49 ni joto la mota au transfoma linalokadiriwa na relei kutokana na mkondo. Relei zilizotoka Ulaya huandika I> na I>> badala yake: alama mbili zinamaanisha hatua kali zaidi.

Mbili nataka uzichukulie kwa uzito wa pekee. 87 hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kwenye transfoma. Ikitripu, shuku kwamba tatizo liko ndani ya transfoma yenyewe au baina ya CT zake. Usirudishe stima hata mara moja kabla haijapimwa. Na 86 ni kufuli: imewekwa ili mtu alazimike kufika pale kwa miguu yake na kuiachilia kwa mkono. Ukiona kijiti cha mbao kimefungwa kuizuia, kitoe na upige ripoti.

Kwa 49, ingia kwenye vipimo utafute asilimia ya joto. Mota za kukata miwa msimu ukikolea hufika hapo mara kwa mara. Subiri asilimia ishuke. Kubonyeza hakuipoozi mota.

Saa ya relei haikubaliani na daftari letu. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Kwanza, daftari la zamu huandikwa na watu wanaohesabu saa kwa Kiswahili. Relei ikisema 16:42, mlinzi ameandika saa kumi na dakika 42, na wote wako sawa. Pili, relei zilizounganishwa na saa ya setilaiti wakati mwingine huachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na Kenya iko mbele yake kwa saa 3 mwaka mzima. Hapo tukio lile litaandikwa 13:42, na utakesha ukitafuta kilichotokea saa saba mchana wakati hakuna kilichotokea.

Ukikuta rekodi ina tarehe ya miaka ya nyuma kabisa, betri ndogo ya saa imekufa na relei ilianza kuhesabu upya ilipowashwa. Andika tofauti iliyopo kati ya saa ya relei na ya simu yako wakati huohuo unaposoma rekodi. Kwa tofauti hiyo utaweza kuirekebisha rekodi baadaye. Ukirekebisha saa kwanza bila kuandika, umeharibu ushahidi wa usiku mzima.

Taa ya manjano iliwaka lakini stima haikupotea. Imeharibika?

La. Hiyo ni kuanza, si kutripu. Relei iliona kiwango kimepitwa, ikaanza kuhesabu muda, kisha hali ikatulia kabla muda haujaisha. Huenda breka ya chini yako, upande wa mzigo, imeshakata hitilafu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini taa hiyo ikiwaka kila siku saa ileile, tazama ni mashine gani inayowashwa saa hiyo.

Ampea za kwenye kioo ni ndogo mno. Kiwanda chote kinatumia 0.5 A?

Kioo chako kinaonyesha upande wa pili wa CT. Kama CT ni 400/1, basi 0.5 A ni 200 A kwenye kebo yenyewe. Menyuni kuna mahali pa kuchagua upande wa kuonyeshwa, na mahali pa kuandikia uwiano wa CT. Uwiano ukiandikwa vibaya, kila namba utakayosoma ni ya uongo. Njia rahisi ya kuhakiki: kwa 11 kV, kila 100 A ni karibu 1.9 MVA. Linganisha na mita.

Ukigundua kasoro, irekebishe kwenye karatasi na umwite mwenye dhamana. Usifungue waya za CT kwa nyuma huku mzigo ukipita. CT iliyoachwa wazi huzaa volteji ya kuua.

Nipewe nenosiri nibadilishe kiwango, inatripu sana.

Kusoma hakuhitaji nenosiri. Kubadilisha kunahitaji, na ni vizuri iwe hivyo. Najua uchungu wa majani ya chai kuchachukia mezani kwa sababu breka haikai. Lakini viwango vya relei yako vimepangwa kwa ngazi na vya relei ya juu yake. Ukipandisha chako, hitilafu ya ndani ya uzio wako itakatwa na breka ya laini inayolisha vijiji vyote vinavyokuzunguka. Kwenye breka inayopokea stima ya Kenya Power, viwango ni makubaliano ya pande mbili. Isitoshe, kazi hii ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na orodha ya matukio itaonyesha dakika kiwango kilipobadilishwa.

Stima ikipotea, rekodi zinapotea?

Kwa relei nyingi, hapana. Zimo kwenye kumbukumbu isiyohitaji stima. Kinachozipoteza ni wingi. Nafasi ikijaa, ya zamani kuliko zote husukumwa nje. Rekodi za hitilafu zinaweza kuwa tano tu kwenye relei ndogo. Jioni moja ya radi Kisii au Kakamega yatosha kuzimaliza.

Ile picha ya mawimbi naipataje?

Kwa kompyuta, kupitia tundu la mbele la relei, USB au lile la zamani la pini tisa, na programu ya kampuni iliyoitengeneza. Faili hutoka katika muundo wa COMTRADE, ambao IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, iliutoa 1991 ili relei za kampuni zote zisomeke kwa programu yoyote. Huja kama jozi: moja inaishia .cfg, nyingine .dat. Ya kwanza inaeleza, ya pili ina namba. Nimeshatumiwa .dat peke yake mara nyingi mno, na haisomeki. Tuma zote mbili, bila kubadilisha majina.

Picha inaonyesha mambo ambayo namba huficha. Transfoma inapowashwa, kwa mfano, huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Kwenye ukurasa wa hitilafu unafanana na hitilafu ya kweli. Kwenye picha, mawimbi yamelalia upande mmoja na yanapungua polepole, na hapo unajua kebo haina kosa.

Kioo ni cheusi kabisa.

Relei nyingi hulishwa na betri za chumba cha bodi, mara nyingi 110 V au 30 V. Kioo kikizima kwa sababu betri zimekufa, hakuna ulinzi, hata kama mashine zinazunguka. Hilo ni la kushughulikia saa hiyohiyo. Kuna aina nyingine inayojilisha kwa mkondo wa CT. Hiyo huzima kila breka inapofunguka, na ni kawaida yake.

Nitajuaje kama kosa ni letu au ni la laini ya nje?

Tazama mikondo. Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, rekodi za viwandani hazikuwa na mkondo mkubwa. Zilikuwa na 27 na 81: volteji na mapigo vimeanguka. Ukiona hivyo, ngoja laini irudi. Ukiona 50 au 51 yenye mkondo mkubwa kwenye fida yako, kosa liko chini ya CT zako, hata kama nje mvua inanyesha na jirani naye hana stima.

Picha za simu zinatosha, au lazima niandike?

Picha zinatosha zikipigwa vizuri. Zima mwanga wa kamera, kwa maana hugonga kioo na kufuta namba zote. Piga kila ukurasa wa rekodi, usiishie ule wenye neno la kutisha. Piga pia kibandiko cha pembeni chenye aina ya relei na namba yake, na picha moja ya saa ya relei ikiwa kando ya saa ya simu yako. Zitume ndipo upige simu.